Piza ya Nobert na Afya ya Baba

Bwera, 8 Machi 2018

Mdogo wangu Nobert,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tu wazima. Shemeji yako Kathembo bado analalamika goti. Siku ya kulima linamuuma, siku ya mpira linapona lenyewe. Binti yangu Bright amekuwa wa kumi na tisa darasani, naye anatembea kama wa kwanza. Mvua imeanza, njia ya sokoni imekuwa uji.

Wifi yangu Resty hajambo? Msalimu.

Nimekupigia simu mara nne wiki hii. Mara ya kwanza iliita mpaka ikachoka. Mara tatu nyingine ilikatwa, na mimi najua tofauti ya simu iliyokatika na simu iliyokatwa. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi, kama Baba alivyotuzoesha tulipokuwa bwenini. Muniru hupita hapa kila Jumatano na lori lake la mizigo, atakuwa anatubebea. Karatasi haina kitufe cha kuizima.

Neno langu ni dogo. Desemba, kazi za kahawa zilipoisha kwetu Kyondo, ulimchukua Baba ukasema sasa ni zamu yako, akapumzike mjini Kasese. Tangu hapo hujaniandikia hata mstari mmoja juu yake. Je, Baba hajambo? Analala wapi? Mnampa nini cha kula? Unajua meno yake yamebaki matatu, na hata hayo matatu hayasemezani.

Niandikie yote, usifupishe.

Mimi dada yako,
Ketura


Kasese, 21 Machi 2018

Mpendwa dada Ketura,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Pole kwa shemeji na goti lake, mpongeze Bright. Sisi hapa tunaendelea vizuri, isipokuwa joto la Kasese unalijua. Simu usiilaumu, ni mtandao.

Baba hajambo kabisa. Anakusalimu sana. Analala chumba cha mbele, chenye dirisha.

Kuhusu chakula, ondoa wasiwasi. Tumenunua oveni ya umeme, na Resty amesoma mafunzo ya mapishi wiki sita. Sasa nyumba hii tunaoka piza. Nikueleze, maana huko Bwera huenda hamjaiona. Unakanda unga wa ngano na hamira, unauacha uumuke, unautandaza kwa vidole uwe mviringo. Juu unapaka nyanya zilizopikwa, unatawanya jibini, vitunguu, pilipili hoho. Watu wengi huiweka kwenye sinia, ndiyo maana chini hubaki nyeupe na laini kama kitambaa kilicholowa. Sisi tunaoka juu ya jiwe. Jiwe linakaa ndani ya oveni saa nzima, moto wa mwisho, ndipo unateremsha piza juu yake kwa kibao. Dakika nane, imeiva, chini imekauka na inalia ukiigonga.

Jiwe lenyewe ni graniti. Nilipata kipande kilichobaki kwa fundi anayetengeneza meza za jikoni na makaburi.

Jumamosi iliyopita Baba alikula vipande vitatu akaomba cha nne.

Ni mimi mdogo wako,
Nobert


Bwera, 2 Aprili 2018

Mdogo wangu Nobert,

Heri ya Pasaka. Sisi tulikula kuku, mzee, mgumu, lakini alikuwa wetu. Kathembo alitembea mpaka kanisani na kurudi bila kutaja goti, kwa hiyo ufufuo tumeuona.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimeisoma kwa sauti. Sijui nianze wapi kukupongeza. Umekwenda kwa fundi wa makaburi ukarudi na chombo cha kupikia! Ulikigeuza kwanza kuona kama hakina jina la mtu?

Na hiyo piza, kwa jinsi ulivyonieleza mimi mshamba wa Bwera, ni chapati iliyoachwa mlangoni ikamwagikiwa mboga. Lakini sibishani na mtu mwenye mafunzo ya wiki sita.

Kinachonifurahisha ni Baba. Vipande vitatu! Kila jino na kipande chake. Na kile cha nne alikitafuna na nini? Chini inalia ukiigonga, umesema mwenyewe. Ufizi wake haukulia?

Halafu nieleze jambo moja, maana nampenda Baba kwa maneno yake. Siku ya kwanza alipowekewa hiyo piza mbele yake, alisema nini? Nipe maneno yenyewe.

Dada yako,
Ketura


Kasese, 25 Aprili 2018

Mpendwa dada Ketura,

Salamu. Sisi wazima. Umeme umekuwa wa kukatika ovyo. Juzi ulikatika piza ikiwa ndani, lakini jiwe lilikuwa limeshika moto, likaendelea kuoka lenyewe gizani. Ndiyo faida ya jiwe.

Naona unapenda kucheka. Cheka. Nami kwanza nilipata shida kama kila mtu. Ya kwanza kabisa iligandia kibao, nikaisukuma, mkate ukabaki na nyanya zote zikaruka ndani ya oveni. Moshi! Majirani walikuja na ndoo. Sasa nanyunyiza unga wa mahindi kwenye kibao, inateleza kama sabuni. Na jibini usijaze. Ukijaza, katikati inabaki mbichi.

Baba siku ya kwanza alisema: “Mungu ambariki aliyevumbua chakula hiki.” Ndivyo alivyosema.

Kuhusu meno, tumempeleka kwa daktari. Amewekewa mengine, safu ya juu na ya chini. Anatafuna hata mahindi ya kuchoma. Ameongezeka mwili. Siku hizi yeye ndiye anayekanda unga, anasema unamkumbusha nguvu za mgodini.

Nakutumia picha. Uone jinsi chini ilivyopata rangi.

Ni mimi,
Nobert


Bwera, 10 Mei 2018

Mdogo wangu Nobert,

Amani iwe kwenu. Hapa Bright alipata malaria akapona. Sasa anadai nyama kama mgonjwa wa kulipwa.

Picha nimepata. Nimeitazama mbele, nikaigeuza nyuma. Nimeona piza. Nimeona jiwe la marehemu. Nimeona mkono wa Resty wenye kucha nyekundu. Baba sikumwona, hata kidole. Mkanda unga mkuu wa nyumba, mwenye safu mbili za meno mapya, amekosa nafasi kwenye picha! Au mwili umeongezeka hata haingii?

Nimesoma hapa kwa sauti kwamba anatafuna mahindi ya kuchoma. Watu wamecheka mpaka mmoja akajishika mashavu.

Sasa tuache mzaha. Baluku, jirani yetu wa Kyondo, amenunua pikipiki. Anataka tumpe njia ipite shamba letu la juu afike barabarani bila kuzunguka kilima. Unajua shamba la juu. Kaburi la Mama liko hapo katikati ya kahawa, na njia anayoitaka inapita miguuni pake. Amekuja kwangu mara mbili na kuku mkononi. Nimemwambia shamba ni la baba yetu Yeseri, na Yeseri hajafa, atajibu mwenyewe.

Muulize Baba. Usinijibu wewe. Muulize, umsikilize, uniandikie atakavyosema.

Dada yako,
Ketura


Kasese, 30 Mei 2018

Mpendwa dada,

Samahani nimechelewa, kazi ni nyingi. Resty anakusalimu. Unga wa ngano umepanda bei.

Baba amesema hakuna shida. Baluku apite tu, ni jirani.

Mengine tutaandikiana.

Nobert


Bwera, 31 Mei 2018

Nobert,

Leo sina salamu za kuzunguka, wala sikungoja Jumatano ya Muniru, barua hii inakuja kwa basi.

Baba yuko hapa. Amekuwa hapa tangu Jumapili ile ya wageni wenu, tarehe ishirini na tano Februari. Barua zako zote nimemsomea yeye, amekaa kwenye kiti cha Kathembo, miguu kwenye jua. Aliyejishika mashavu ni yeye, akitafuta meno uliyomwekea.

Saa moja jioni lori la Muniru lilisimama mlangoni kwangu. Nikadhani ameleta vitunguu. Akateremka Baba na koti lake na redio, bila mfuko. Muniru akaniambia, “Mama Bright, mimi nilikuta huyu mzee kwa mulango yangu kule Kasese, anatetemeka. Sikumuuliza. Umupe chakula kwanza.” Alikula viazi sahani mbili, hakuinua uso.

Aliniambia siku ya tatu. Ulikuwa umemwalika mkubwa wako wa kazi, Bwana Kyomuhendo, na mkewe. Mlivaa. Mlimvalisha na Baba, mkamketisha. Resty akaleta hiyo piza, Baba akaitazama, akauliza: “Hii mukate iko na ugonjwa gani? Nani ametapika juu yake?”

Ninakiri, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee ametumia miaka ishirini na sita chini ya ardhi mgodini, Kiswahili chake ni cha huko, hakina kitambaa cha mezani. Wewe umekua na maneno hayo. Ungecheka na wewe, mkubwa wako angecheka, ingekwisha.

Ukamwambia nini? Baba ananiambia kwa sauti yako kabisa: “Baba, hapa si Kyondo. Nenda ukae jikoni huko nje, wageni wakiondoka tutakuita.”

Akaenda. “Nikakaa juu ya gunia ya makaa,” anasema. “Nikasikia wanacheka. Nikasikia gari yao inaondoka. Nikangojea. Hakuna mutu alikuja.” Hakuna hata aliyempelekea kipande, ndipo akaondoka kwa miguu mpaka kwa Muniru. Ile piza uliyosema alikula vipande vitatu, hajawahi kuionja mpaka leo.

Nilitaka kukupigia kelele usiku ule ule. Yeye alinikataza. “Usimwambie. Muulize tu kama mimi iko salama. Acha tuone.” Soma barua zangu, sijakudanganya hata mara moja. Nimeuliza tu. Na wewe ukajibu, kila barua ukamnenepesha zaidi. Alikuwa anacheka, Nobert. Jumatano ilikuwa siku yake. Alikuwa ananyoa ndevu kumngojea Muniru.

Jana hakucheka. Nilipofika pale pa Baluku, alininyang’anya karatasi, akaikunja yeye mwenyewe, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Kathembo alimfuata, akarudi peke yake. Giza lilipoingia Baba akasema, “Meno alinipa, nikacheka. Sasa amenipa mudomo. Anasema na mudomo yangu juu ya bibi yangu.”

Usiniandikie juu ya mtandao.

Ketura


Kasese, 2 Juni 2018

Dada Ketura,

Barua yako niliifungulia njiani, nikakaa kwenye ngazi za duka la watu. Mwenye duka akaniletea maji.

Yuko hai. Nimeisoma mara nyingi hiyo sentensi, “Baba yuko hapa,” kabla ya kusoma matusi yako, na matusi yako yote ni ya kweli. Nilimpeleka jikoni. Sikumwita. Wageni walipoondoka, mimi na Resty tulikuwa tunaruka kwa furaha kwa sababu Bwana Kyomuhendo aliomba aongezewe. Tulimkumbuka Baba saa ya chakula cha jioni, tukakuta jikoni hakuna mtu. Baadaye ofisini nilisikia mkubwa wangu huyo aliwaambia watu kwamba piza yangu ilikuwa mbichi katikati. Kwa hiyo hiyo ndiyo bei niliyomuuza Baba.

Simu zako nilizikata kwa sababu nilijua utasema, “Nipe Baba nimsalimu.”

Lakini na mimi nina neno, ulisikie.

Jumatatu ile nilikwenda Kyondo. Baluku akasema hajamwona. Jumapili iliyofuata nilikwenda Nyakalengija kwa wale ndugu wa Mama wanaobeba mizigo ya wapanda milima. Hayuko. Nilikwenda Hima, nikasimama barabarani nikiuliza madereva wa malori ya saruji, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikawa mweupe kama wao. Nilikwenda polisi. Afande akaniuliza, “Mzee wako amepotea lini?” Nikasema wiki tatu. “Na wewe ulikuwa wapi?” Nikasema nyumbani. Akaweka kalamu chini. “Toka hapa. Rudi na mtu mwenye akili.” Mara mbili nimeingia chumba cha maiti kufunuliwa nyuso za wazee wa watu wengine. Mara ya pili yule mhudumu alinizoea, akaniuliza habari za nyumbani.

Kila Jumapili, dada. Mahali pekee ambapo sikufika ni Bwera. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya barua yako. “Je, Baba hajambo? Mnampa nini cha kula?” Nikasema basi, kwa Ketura hayuko, Ketura anadhani yuko kwangu. Wewe ndiye uliyenifungia mlango wa nyumba alimokuwa amelala.

Na Muniru! Nilimuuliza wiki ya kwanza kama amembeba mzee wangu. Akaniambia, “Mimi nabeba mizigo, bwana.” Kila Jumatano ananiuliza, “Mzee hajambo?” Namwambia hajambo. Anasema, “Tumushukuru Mungu,” anapokea barua, anaondoka.

Ulijua. Miezi mitatu ulijua, ukaninyamazia, ukazisoma barua zangu kwa sauti watu wacheke. Ulidhani mimi nakaa hapa nanusa jibini? Ndiyo, niliendelea kuoka kila Jumamosi. Mikono ikiwa ndani ya unga, kichwa kilikuwa kinanyamaza kidogo. Sikuila hata moja. Resty anawapa majirani, wanatupenda sana siku hizi.

Juu ya Baluku sina la kujitetea. Niliogopa nikisema Baba bado anafikiri, utakuja mwenyewe kumwona. Niliuza njia miguuni pa Mama ili nisionekane.

Nitakuja Jumamosi tarehe ishirini na tatu, nikipewa ruhusa kazini. Asiponitaka, nitalala ndani ya lori la Muniru. Namdai usingizi.

Nobert


Bwera, 27 Juni 2018

Mdogo wangu Nobert,

Natumaini mlifika salama na Resty hajaugua mgongo kwa kubeba lile jiwe. Sisi wazima. Bright anazungumza habari za piza shuleni kama yeye ndiye aliyeoka. Kathembo alikula sana, sasa goti limehamia tumboni.

Nimeisoma barua yako ya tarehe mbili zaidi ya mara moja, na hiyo sikuisoma kwa sauti. Nilidhani humtafuti. Nilikuchukua kuwa mtu wa kucha na oveni, nikakuchezea kama paka. Chumba cha maiti sikukijua. Siombi radhi kwa yote, Nobert, kwa maana na wewe uliandika barua zako kwa mkono wako, lakini kwa nusu naomba.

Baba nilimwambia habari za nyuso za wale wazee. Alizima redio. Hakuiwasha tena mpaka kesho yake.

Sasa Jumamosi. Ninyi mliona mgongo wake tu, amekaa anapukuchua maharage, hageuki. Mimi nilikuwa upande wa pili, nikuambie. Gari liliposimama tu alianza kupukuchua maganda yaliyokwisha pukuchuliwa. Ulipopiga magoti mbele ya watu wote ukasema, “Baba, nisamehe,” akajibu, “Maharage haya iko na wadudu,” ulidhani hakusikia. Alisikia. Kidevu kilikuwa kinamcheza.

Halafu ukavua shati na kukanda. Uliponiomba sufuria kubwa na mchanga nilidhani umechanganyikiwa. Lakini nilipoona umelaza jiwe juu ya mchanga, umefunika, umepanga mkaa chini na juu, nikasema kumbe hata bila oveni mtu huyu ana kitu. Baba aligeuka mara tatu wakati unatandaza ule unga kwa vidole. Mara ya tatu nilimkamata. Akasema ni moshi.

Alikula sehemu ya katikati, akaacha kingo kwenye sahani, zimepangwa. Ulikuwa unamtazama mpaka nikaona aibu. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Mimi nakwambia alimaliza, na jioni aliuliza kama kuna iliyobaki. Nyanya zako zilikuwa na chumvi nyingi, hilo nalisema mimi.

Najua ilikuuma Jumapili alipokataa kurudi nanyi Kasese. Atakaa hapa, usimsukume. Ilikuuma zaidi alipokutuma peke yako Kyondo. “Njia ni wewe uliitoa kwa mudomo, kaifunge kwa mudomo.” Baluku alipita hapa jana. Anasema ulikuja kwa miguu, ukamwambia uongo wako wote mbele ya mkewe, ukaomba radhi kwa kuku aliowaleta bure. Amenuna, lakini atazunguka kilima. Na anasema alikuona ukipalilia kaburini kwa mikono. Nimemwambia Baba. Akamfuata Baluku kumuuliza ni upande gani uliopalilia.

Moja la mwisho, nawe hukuliona kwa sababu gari lilikuwa limekwisha kata kona. Baba alitoka akasimama barabarani. Alisimama mpaka vumbi lote likatulia. Nikamfuata, nikamuuliza, “Baba, umemsamehe?”

Akasema, “Bado.”

Tukaanza kurudi ndani. Mlangoni akasimama, akanishika mkono.

“Ketura, yule mutoto amekonda sana. Resty iko namupa chakula gani kule?”

Dada yako,
Ketura